Jina Lililotoka Redioni

Aliyemwambia Navalayo kwanza alikuwa Jescah, wifi yake. "Usimpeleke mtoto karibu na redio za Baba. Ile ya marehemu Osundwa haijawahi kushika stesheni tangu iletwe. Mwenyewe yumo ndani."

Navalayo alicheka.

Lakini mwanawe alikuwa amekataa ziwa tangu juzi, akilia mpaka sauti ikakauka. Wazee walimwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, maana jina ambalo mtoto hulinyamazia ndilo lake, na mwenye jina hurudi ndani yake. Hakunyamazia hata moja.

Jioni hiyo Navalayo alitumwa apeleke chai ya baba mkwe, mzee Andati. Akaenda, mtoto mgongoni. Mzee alikuwa stoo, akipangusa redio zake za zamani za masafa mafupi kama mtu anayeosha maiti. Navalayo akasimama mlangoni, kama ipasavyo mkaza mwana.

Harufu ya vumbi linaloungua...

Redio ya mwisho ilikuwa inawaka. Waya wake ulining'inia, haujachomekwa popote.

Mluzi. Mkwaruzo. Kisha sauti ya mgonjwa:

"Osundwa... Osundwa..."

Mtoto akanyamaza.

"Umesikia?" mzee alinong'ona. "Amepata jina."

"Baba, huyo si wa ukoo wetu. Ni yule jirani uliyemnyang'anya redio akiwa kitandani."

"Alikuwa anakufa, angeisikiliza hadi lini? Akalia nimrudishie mpaka akakata roho. Sasa amekaa humo, ananiharibia mtambo. Mpe mwili, atoke."

"Ni mjukuu wako!"

"Wajukuu wanazaliwanga kila mwaka. Redio kama hii haitengenezwi tena." Akapokea chai, akaionja. "Muite ama umzike. Na kesho ongeza sukari."

Usiku kucha mtoto alilia tena, na Navalayo akamjaribu kwa majina mengine. Kulipokucha mtoto hakulia tena. Alikuwa akihema tu, midomo imepasuka.

Navalayo akaketi jikoni, akamwinamia sikioni.

"Osundwa."

Mtoto akalidaka ziwa, akanyonya kwa pupa. Kule stoo redio ikaanza kuimba, sauti safi kama kengele, na mzee akapiga makofi.

Navalayo akamtazama mwanawe. Macho yalikuwa yamekazwa mlangoni, upande wa stoo. Vidole vyake vidogo vilikuwa vimeshika kifungo cha gauni, vikikizungusha... kushoto kidogo... kulia kidogo... kama mtu anayetafuta stesheni.

Hakumwachisha. Akambadilishia ziwa la pili.

"Nyonya," akamnong'oneza. "Nyonya, upate nguvu ukaidai redio yako."