Ukuta Ulionyimwa Maji

Kila alfajiri, baada ya kuswali, Rahila alichukua debe akaenda kisimani. Maji ya kwanza yalikuwa ya bibi yake, Bibi Mahbuba, ya chai na ya kutilia udhu. Yaliyofuata yalikuwa ya ukuta.

Ukuta huo ulikuwa wa nyumba ya vijana iliyokuwa ikijengwa Hamriya, nje kidogo ya Maskati, mwaka 1970. Familia zilizotoka Unguja zilikuwa zimechanga mpaka mifuko ikakauka. Kuta zilisimama, dari hapana. Chumba cha upande wa mlimani kilikuwa cha wasichana, na Bi Nasriya, aliyekuwa mwalimu Unguja, ndiye angewasomesha humo. Rahila alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu wahamie huku hajakaa darasani.

Fundi Amur aliwagawia watoto kuta za kunywesha, asubuhi na alasiri. "Unguja mvua ingetusaidia," aliwaambia. "Hapa jua linainyang'anya saruji maji kabla haijashika. Mkiziacha kuta na kiu, saruji itakuwa unga."

Mwanzo Rahila alifanya kazi yake vizuri. Lakini alasiri mchanga uliunguza nyayo, na kisima kilikuwa mbali. Siku moja alfajiri aliukuta ukuta wake umelowa umande wa bahari, akajiambia kuwa umeshakunywa wenyewe. Tangu hapo akawa anakwenda kucheza kete kivulini na binamu yake Majid. Fundi akimuuliza, humjibu, "Nshaumwagia, Ami." Naye Ami Amur humtilia tende mkononi, kumshukuru.

Kisha zikaja habari njema. Mfanyabiashara mmoja amekubali kuwakopesha fedha za dari, ila amesema yeye hawajui watu hawa waliokuja juzi. Anataka baladia, ofisi ya mji, iwadhamini. Kesho yake Sheikh Thani wa baladia angekuja kulitazama jengo.

Bibi Mahbuba alifurahi mpaka akapika vitumbua. Rahila hakula. Alikwenda kuupapasa ukuta wake kwa kidole gumba, na saruji iliyoshika mawe ikamwagika kama unga wa muhogo. Majid alipoona, akacheka, akamwambia aupake chokaa tu, Sheikh mwenyewe mtu mzima, macho yake si makali. Rahila akaitazama ile sehemu ambapo dari ingekaa, juu ya vichwa vya wasichana.

Asubuhi Sheikh Thani alifika na bakora yake. Alisalimu, akanywa kahawa, akazunguka kuta moja baada ya moja, akaridhika. Alikuwa anampa fundi mkono wa kukubaliana Rahila alipojitokeza.

"Shikamoo, Sheikh. Usitudhamini bado. Ukuta wa chumba chetu ni mbovu. Mimi nlipewa kuunywesha, sikuunywesha, na Ami Amur nkamdanganya."

Fundi Amur akainamisha kichwa. Sheikh akauendea ukuta, akaugusa kwa ncha ya bakora. Unga ukamwagika, na jiwe moja likaanguka.

"Nani kakutuma useme?" Sheikh akauliza.

"Hapana mtu. Lakini sisi ndio tutakaokaa humu."

Sheikh Thani aliupangusa unga kwenye bakora, akasema leo hatadhamini kitu. Ukuta ubomolewe, ujengwe tena, naye atarudi. Rahila alilia njia nzima. Bibi Mahbuba hakumgombeza. Alimfuta uso kwa upindo wa kanga, akamwambia mawe bado yapo, ni kuyapanga tu.

Basi yakapangwa. Jirani mmoja, Mbaluchi asiyejua neno la Kiswahili, aliwaona wanavyohangaika na madebe, akawaletea punda wake bila kuombwa. Hata Majid alibeba maji, huku akinung'unika kuwa ukuta huu unakunywa kuliko ngamia. Rahila hakukosa asubuhi wala alasiri.

Sheikh aliporudi, aliupiga ukuta kwa bakora, ukajibu kwa sauti ya jiwe. Akacheka, akampa fundi mkono: baladia itawadhamini. Bibi Mahbuba alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia kichwani.

Kisha Sheikh akamwita Rahila. "Mwanangu, kumdhamini mtu ni kuliweka jina lako chini ya neno lake," alimwambia. "Ukuta naweza kuupiga bakora nikaujua. Watu je? Siku ile uliponiambia ubovu wenu, ndipo nilipojua kuwa neno lenu litasimama. Kosa likisemwa mapema, hubomolewa likajengwa upya. Likifichwa, huwaangukia wasio na hatia."

Rahila akaitikia, uso umemng'aa. Fundi Amur akatia mkono mfukoni, akatoa tende, akamtilia kiganjani kama zamani. Safari hii Rahila aliila palepale, na ilikuwa tamu.

"Usikae sana," Bibi Mahbuba akamwambia, akimpa debe. "Dari ikija, itataka maji nayo."