Darnella na Mwanamke wa Kwenye Picha

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1974. Asubuhi hiyo Chicago ilikuwa na mvua nyembamba, na upepo wa ziwani ulipenya hadi kwenye mifupa. Hata hivyo foleni mbele ya sinema ya Mtaa wa 47 ilizunguka kona. Wengi walikuwa wanawake, wapishi, wauguzi na mabinti wa saluni, wakicheka chini ya miavuli. Walikuja kumtazama mwanamke mweusi kama wao, shujaa wa filamu mpya, aliyewasaka mmoja mmoja wauza heroini waliomuua kaka yake.

Clifton Mabry aliingia ameshusha kofia hadi kwenye nyusi. Alichambua barua posta siku za kazi, na Jumapili alikuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa la Kibaptisti ambalo lilihesabu sinema kuwa dhambi. Ndani kulikuwa giza. Akasimama kati ya viti, wima, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo.

Mwanga wa tochi ukamgonga kifuani.

"Kanisa gani, kaka?" sauti ya kike ikauliza.

"Unasemaje?"

"Huo mkono. Wahudumu wa kanisa ndio husimama hivyo. Ushushe, la sivyo watu watakuuliza viti viko wapi, na hiyo ni kazi yangu."

Huyo ndiye Darnella Pruitt. Alivaa koti la ngozi la kahawia na viatu virefu vilivyofika magotini, na nywele zake za asili zilikuwa duara kubwa lililojaa harufu ya bisi. Filamu ilipokwisha, Clifton alijifanya anasoma bei za soda mpaka Darnella akapita tena.

"Umeipenda?" Darnella akauliza.

"Yule dada ana nguo chache."

"Hizo walizipunguza wanaume walioitengeneza. Hilo nawaachia wenyewe." Akazima tochi. "Tangu utoto wangu, mwanamke mweusi kwenye sinema amebeba sinia tu. Huyu anaingia mlango wa mbele, na haji mtu kumwokoa. Nimemwona mara arobaini. Wanawake huingia hapa wamejikunja na hutoka wamenyoosha shingo. Wewe kanisani kwako unawaona hivyo?"

"Wengine."

"Basi ni kanisa zuri. Unaitwa nani, muungwana wa kofia?"

Walipendana upesi. Clifton alimpigia simu kila jioni. Alimwita "mpenzi", naye Darnella alimwita "shemasi" kwa kumtania, kwa kuwa hakuwa shemasi.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya Novemba. Saa kumi jioni, mbele ya sinema, Royal Teague, muuza heroini ambaye mtaa mzima ulimpisha njia, alimpiga risasi mzee Amos Gaines. Mzee huyo aliuza magazeti, na alikataa heroini ifichwe kibandani kwake. Darnella aliona yote kupitia kioo cha dirisha la tiketi. Ng'ambo ya barabara, akimletea Darnella samaki wa kukaanga aliomwahidi, kwenye mfuko wa karatasi, Clifton naye aliona.

Polisi waliuliza nani ameona. Watu wakatazama chini. Darnella akasema, "Mimi." Clifton alimsikia kutoka ng'ambo. Akageuka akaenda zake, na samaki akawaacha juu ya sanduku la barua.

Teague akashtakiwa, na mahakama ikapanga kumsikiliza Darnella Jumatatu, siku kumi baada ya mauaji. Siku iliyofuata simu yake ililia.

"Lile koti la ngozi linakupendeza," sauti ya mwanamume ikasema taratibu. "Wasije wakakuzika nalo." Ikakatwa.

Tangu hapo hakupokea simu ovyo. Clifton alikuwa akiiacha ilie mara mbili, anakata, kisha anapiga tena, ili ajue ni yeye.

"Nyamaza, mpenzi," alimsihi. "Yule wa filamu risasi zake ni za uongo. Akianguka wanampangusa vumbi."

"Najua. Siku hizi hata kuchana tiketi nakosea. Lakini mzee Amos hakuna aliyempangusa."

"Hawana shahidi mwingine. Watakumaliza wewe peke yako."

"Ndiyo maana naogopa."

Clifton akamtakia usiku mwema, akakata simu.

Jumanne, baada ya kazi, Clifton alikwenda kwa Darnella. Alipovua koti, tiketi ya basi ikaanguka sakafuni: kwenda Jackson, Mississippi, bila kurudi, Jumapili, kwa jina la Darnella.

"Nani amekutuma?" Darnella alirudi nyuma hadi ukutani. "Teague?"

"Darnella, naapa..."

"Ijumaa ile uliahidi kuniletea samaki, hukuonekana. Sasa unataka niondoke siku moja kabla ya mahakama. Unanionaje, mjinga?"

Neno moja tu la kweli lingemtuliza, lakini lingemweka Clifton mbele ya bastola ileile. Hakulisema. Darnella akafungua mlango, akamwonyesha ngazi.

Usiku huo Clifton alipiga magoti. Aliomba Mungu amlinde Darnella. Kila alipofika kwenye jina lake mwenyewe, sala iliishia hapo.

Jumatano jioni ilikuwa ibada ya ushuhuda, ambapo yeyote husimama na kueleza yaliyomsibu. Clifton alikuwa mlangoni, glovu nyeupe mikononi, Darnella alipoingia na koti lake la ngozi. Alimpita bila kumtazama. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Akasimama kati ya kofia za akina mama.

"Nafanya kazi sinema, mnajua. Jumatatu nitamtaja aliyemuua mzee Amos. Nimejaribu kujifanya yule mwanamke wa kwenye picha, nimeshindwa. Niombeeni, niko peke yangu."

Mtu mmoja akanong'ona kitu kuhusu sinema, na Mama Odessa Tolliver, mzee kuliko wote, akamwambia, "Funga kinywa, mwanangu. Mimi nimemwona yule dada mara mbili."

Clifton alivua glovu. Kutoka mlangoni hadi mbele palikuwa na safu kumi na nne, naye alizipita zote.

"Hayuko peke yake," akasema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilimwona Teague, nikakimbia. Nikanunua tiketi nimwondoshe, ili nisije nikalazimika kusema. Hakuna aliyenituma, Darnella. Ni woga wangu."

Machozi yalimshuka Darnella, hakuyafuta. Akasogea hatua moja kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu.

Clifton hakukaa kwanza. Akawageukia watu wote, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Jumatatu saa tatu asubuhi nitasimama mahakamani karibu naye, na jina langu litaandikwa chini ya lake, shahidi wa pili. Nitaogopa. Lakini nitaogopa nikiwa nimesimama palepale."