Funguo Mbili za Gari la Kukodi

Saa moja asubuhi. Chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, kile cha kufulia nguo. Mashine inanguruma, na Shemeji ndiye aliyeiwasha. Hakuwa na nguo ya kufua. Alitaka kelele tu, wa chumba cha pili asisikie neno.

Walikuwa watatu. Shemeji, mpanga mipango, mtu wa maneno machache na viatu vya bei mbaya. Dada, mke wake. Na mdogo wake Dada, fundi magari, wanamwita Spana. Mikono yake myepesi, moyo wake mwepesi zaidi. Walishuka kwenye ndege jana. Nchi ya watu, hakuna aliyewajua.

Shemeji akapanga vibanio vya nguo juu ya mashine.

"Huyu hapa Sonara. Anatoka mlango wa nyuma wa duka na mkoba wa dhahabu. Hana mlinzi. Bahili huyo, roho yake ngumu kama jiwe. Huyu mke wangu, anazimia mbele yake. Sonara anainama, mimi nachukua mkoba. Wewe uko kwenye usukani."

"Halafu?"

"Halafu sisi ni watalii. Tunajaza mafuta, tunarudisha gari uwanja wa ndege, tunapanda ndege. Gari la wizi linatafutwa. La kukodi nani analitazama?"

Spana akachukua kibanio chake, akakigeuza geuza. "Linakodiwa kwa jina langu."

"Langu lina madoa. Lako safi."

Kweli tupu. Spana hakuwahi kulala rumande hata siku moja. Kwa jina hilo alikuwa na leseni, kadi ya benki, na kagereji kake nyumbani alikotaka kurudi. Likichafuka hilo, hana kingine. Akamtazama Dada. Mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyemlea. Kampikia, kamchapa, kampeleka shule akiwa kamshika mkono.

"Tunaingia watatu, tunatoka watatu," Dada akasema. "Mimi niliyekuogesha kwenye beseni, leo nikuuze?"

Spana akacheka. Yakaisha hapo.

Saa mbili na nusu. Uwanja wa ndege. Binti wa kaunta ya magari ya kukodi alikuwa na mafua, na foleni ilikuwa inamkodolea macho. Pasipoti. Leseni. Kadi. Akamtoa Spana nje, wakalizunguka gari wakipiga picha kila mkwaruzo. Gari dogo la kijivu. Akaisoma namba kwa sauti, mwisho sifuri saba saba. Kisha akampa funguo. Mbili, zimefungwa pamoja kwa waya wa chuma.

"Zote mbili?" Spana akauliza.

"Ndivyo kampuni inavyotaka. Ukipoteza, umepoteza zote."

"Sasa ya akiba ina kazi gani?"

"Hata sisi tunajiuliza, kaka." Akapenga kamasi. "Ukipata tatizo, simu yetu imeandikwa hapo kwenye kibao cha funguo. Mimi nipo mpaka jioni."

Wenzake akawachukua nje ya lango, wakaingia maegesho ya chini ya jengo moja la maduka. Kila mtu na kazi yake. Spana akajikunja chini ya usukani, akachomoa waya wa kifaa cha kufuatilia gari. Hivi huwekwa pale pale siku zote. Shemeji akazunguka na namba bandia mkononi.

"Umebandika?"

"Nimebandika. Wewe usitoke, huku kuna kamera."

Dada akanyoosha mkono dirishani. "Nipe funguo nipange mabegi kwenye buti."

Alikawia. Ufunguo uliporudi, ulikuwa mmoja, na kipande cha waya kimening'inia. Spana akainua macho.

"Mwingine?"

"Nimeukata. Ulikuwa unanikera, kelele tupu. Uko kwenye begi langu."

Angekuwa mtu mwingine, Spana angeshuka akaulize vizuri. Lakini alikuwa Dada. Akawasha gari.

Saa nne kamili. Uchochoro nyuma ya duka la Sonara. Mlango ukafunguka. Sonara akatoka, mfupi, mkoba kaukumbatia. Dada akapiga hatua mbili, akaanguka chini kwa kishindo. Kazi safi. Sonara akaweka mkoba chini, akainama, masikini, akaanza kumpepea kwa kofia yake. Shemeji akamkanyaga mgongoni, akaunyanyua mkoba. Dada akafufuka. Milango ya gari ikabamizwa.

"Twende!"

Spana akaenda. Hakukimbiza. Akakata kona kama mtu anayetafuta hoteli. Nyuma Sonara alikuwa kapiga magoti katikati ya njia, anaangalia gari linavyokwenda, midomo inacheza. Spana alimwona kwenye kioo. Alidhani anasali.

Saa nne na robo. Kituo cha mafuta, karibu na uwanja wa ndege. Gari la kukodi hurudishwa tangi likiwa limejaa, lilivyotoka ndivyo lirudi. Wakati mhudumu anajaza, Spana akajikunja tena chini ya usukani, akarudisha waya wa kifaa mahali pake. Fundi ni fundi. Huko nyuma Shemeji alikuwa kafungua mkoba, macho yamemezwa na dhahabu, wala hakuona.

"Nenda kalipe," akasema bila kuinua kichwa.

Spana akazima gari, akatia ufunguo mfukoni, akaingia dukani. Pasipoti yake ilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye buti. Hakuwa na wasiwasi. Ufunguo anao yeye.

Alipotoka na risiti, gari lilikuwa linaondoka.

Akasimama. Akapapasa mfuko. Ufunguo upo, na kale kawaya. Akaitazama namba ya nyuma gari likiingia barabarani. Mwisho sifuri saba saba. Sonara hakuwa anasali. Alikuwa anaikariri namba.

Akapiga simu. Dada akapokea.

"Dada, mmeniacha."

Akajibu polepole: "Ondoka hapo, mdogo wangu. Wakikukamata usimtaje."

"Namba hakubandika."

"Najua."

Simu ikakatika. Spana akakaa kwenye ukingo wa kituo. Iliuma, iliuma kuliko kipigo chochote alichowahi kupigwa na mkono wa Dada. Najua. Alijua tangu kwenye mashine ya kufulia. Alijua alipolitaja beseni.

King'ora kikasikika mbali, kinakuja. Spana akakigeuza kibao cha funguo. Akapiga namba ile.

"Kaunta ya magari." Sauti ya mafua.

"Dada yangu, gari langu limeibiwa. Sifuri saba saba."

Kibodi ikalia. "Naliona. Limeupita uwanja wa ndege, linakimbilia mpakani. Naweza kulizima kutoka hapa, litapunguza mwendo lisimame. Ila kaka, lazima nikuulize kwanza. Ndani kuna mtu wako?"

King'ora kilishafika kona ya kituo. Spana akafumba macho.

"Hapana," akasema. "Mle hamna mtu wangu."