Ukifika Tambarare, Kaza

Mwili wa Ndugu Naftali, kiongozi wa ushirika wa kahawa wa Usangi, ulikuwa umelazwa kando ya barabara kuu, karibu na Lembeni, umefunikwa kwa kitenge cha mpita njia. Gari lililomuua, Pijo 404 ya ushirika huo, lilikuwa limelala ubavu kwenye vichaka, magurudumu yakitazama jua.

Inspekta Kurwa wa polisi Same alilizunguka gari, akalizunguka tena, kisha akasimama ameshika kiuno. Hakuelewa kitu.

"Swalehe, hebu njoo. Unaona kona hapa?"

Koplo Swalehe, Mdigo wa Tanga mwenye mdomo usiochoka, akatazama huku na huku. "Kona itoke wapi, afande? Hapa hata nyoka akipita ananyooka."

"Haya, niambie basi. Gari limetoka Usangi asubuhi. Limeteremka mlima wenye makona ya kutapisha watu, halikupata hata mkwaruzo. Limefika kwenye lami iliyonyooka, mchana kweupe, ndipo linapinduka! Akili gani hiyo?"

"Labda dereva alisinzia."

Labda. Kurwa alifungua boneti. Juu ya injini kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye Pijo: chuma chekundu kilichokingama toka upande mmoja hadi wa pili, kikiunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele. Kulia kilikuwa bado kimeshika. Kushoto kilining'inia, na kichwa cha shokapu kilikuwa kimechomoka mahali pake.

Nati za kushoto hazikuwepo. Bolti zake zilikuwa nzima, meno hayakusagika wala kuvunjika. Alizigusa nati za kulia kwa vidole vitupu, zikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Hizi hazikukatika," alisema. "Zimefunguka. Au zimefunguliwa."

"Hujuma," Swalehe akanong'ona.

Mwaka ule wa sabini na nne neno hilo halikuwa la mchezo. Mtu akishaitwa mhujumu, hata jirani aliyekula naye jana humkana.

Dereva alikuwa hospitalini, mkono mmoja kwenye plasta. Aliitwa Linus, kijana aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge ya Kisangara, na ushirika ulikuwa umemwajiri juzijuzi tu. Machozi yalikuwa hayajamkauka.

"Pole, Ndugu Linus. Chuma kile chekundu kiliwekwa na nani?"

"Fundi Asheri wa Usangi. Bodi ya gari ilianza kupasuka kwenye shokapu kwa sababu ya njia za mawe."

"Alikwambia nini kabla hujaondoka?"

"Yeye sikumwona. Manase, mtunza ghala wetu, ndiye aliyeniletea maneno yake. Ukifika tambarare, kaza."

"Ukakaza?"

"Nilikaza kweli kweli, afande! Tulipomaliza mlima tu, pale Mwanga, nikakaza."

"Baada ya hapo ulisimama popote?"

"Sikusimama popote! Ndugu Naftali alikuwa anawahi mkutano wa wilaya."

Kurwa alitaka kuendelea, lakini muuguzi, Sista Jenoveva, alikwisha mshika bega. "Basi, baba. Mgonjwa ana maumivu. Tokeni."

Wakatoka. Kurwa akasimama uwanjani akijikuna kichwa. Nati zimekazwa Mwanga. Gari halikusimama tena. Limefika Lembeni, nati zimelegea hadi zimedondoka. Kwani nati zina mikono zijifungue zenyewe? Alijiona mjinga, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Jioni walikuwa Usangi, kwenye kibanda cha fundi Asheri. Mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono myeusi kwa grisi. Nguo zake zilikuwa bado na vumbi la makaburini. Siku hiyo walikuwa wamemzika shangazi yake.

"Nati za chuma kile ulizikaza?"

"Sikuzikaza, afande."

Kurwa akamkodolea macho. Alizoea watu wanaokana hata majina yao. Huyu alikuwa anajifunga kamba mwenyewe.

"Rudia."

"Sikuzikaza. Nilizishikiza tu kwa spana, kiasi cha kuteremka pole pole. Hebu angalia Usangi yetu, afande. Nionyeshe mahali ambapo gari linasimama sawasawa. Hakuna! Likiinama, shokapu ya huku imebeba mzigo, ya kule haikubeba. Ukikaza hapo umekaza upotovu. Chuma kinavuta, bodi inapasuka upya. Mafundi wote wa milimani tunashikiza huku juu, tunakaza chini. Gari likisimama tambarare kwa magurudumu yake, unakaza hii kidogo, unahamia ya pili kidogo, unarudi, mpaka zote zigome."

"Na nani alikuwa azikaze?"

"Ningeshuka nalo mwenyewe. Msiba ukanikamata. Nikampa Manase spana, nikamwambia, mpe Linus, mwambie akifika tambarare akaze."

"Nasikia wewe na marehemu mlitoleana maneno."

Asheri hakuyumba. "Tulitoleana. Alitaka vyombo vyangu viwe mali ya kijiji. Nilimtukana mbele ya watu. Lakini kumtukana mtu na kumuua ni vitu viwili."

Manase naye aliulizwa pale pale. Alijibu kwa mkato: ujumbe aliufikisha neno kwa neno. Na kweli, Linus alisema hivyo hivyo. Kila mtu alikuwa anasema kweli, na mtu amekufa! Kurwa akamtia Asheri pingu, maana hakuwa na mwingine wa kumtia.

Makao makuu ya mkoa, Moshi, walifurahi. Fundi mwenye chuki, nati zilizolegea, kiongozi wa ushirika amekufa. Waliagiza mtuhumiwa aletwe asubuhi ashtakiwe kwa mauaji. Kwa kosa hilo adhabu ni kitanzi, na Asheri alilijua. Kurwa hakulala vizuri. Moyo wake ulimwambia kuna kitu kimempita mbele ya pua.

Asubuhi Landrova ya polisi ilitoka Same, Swalehe kwenye usukani, Asheri nyuma na pingu zake. Swalehe alikuwa anasimulia habari za harusi ya binamu yake huku gari likijikokota.

"Swalehe, kaza bwana! Moshi wanatungoja."

Swalehe akakanyaga mafuta. Landrova ikanguruma, ikaruka mbele.

"Simama!" Kurwa alipiga kelele. "Simama hapo hapo!"

Breki zikalia. "Ala! Afande, umesema nikaze, sasa nisimame?"

"Nimekwambia ukaze nini?"

"Mwendo! Ukaze nini tena njia ikiwa nyeupe namna hii?"

Halafu nyuma ya gari Asheri akajishika kichwa kwa mikono yake yenye pingu. "Mungu wangu," alisema. "Yule kijana alikaza mwendo."

Kurwa aligeuka. Kumbe ndivyo! Linus hakuwa mtu wa milimani, desturi ya kushikiza hakuijua. Ameambiwa ukifika tambarare, kaza, na bosi pembeni ana haraka. Amekanyaga mafuta kwa moyo wote, nati zikatikisika, zikadondoka, shokapu ikachomoka.

"Lakini angekuwa na spana mkononi angejiuliza," Kurwa alisema. "Nimelipekua lile gari lote. Hakukuwa na spana."

"Nilimpa Manase," Asheri alisema. "Naapa, afande, nilimpa mkononi."

"Swalehe, Moshi wasubiri. Tukifika Mwanga, pandisha Usangi."

Nyumba ya Manase ilikuwa juu kabisa ya mteremko. Mama yake, Rahabu, alikuwa kibarazani anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Manase akatoka ndani. Alipomwona Asheri na pingu zake alitazama chini.

"Spana iko wapi?" Kurwa aliuliza.

"Nilimpa Linus."

"Linus hana. Gari halina."

"Labda imedondoka."

"Manase, wewe ulitaka gari lile liende kasi. Ulimwambia Linus akaze mwendo, ukaficha spana ili afe na Naftali wake."

"Kasi?" Manase aliruka. "Kasi ya nini? Mimi nilitaka wachelewe!"

Neno likishatoka halirudishwi. Manase aliziba mdomo, lakini tayari.

"Wachelewe kwa nini?"

Akakaa chini kwenye udongo. "Nilidhani nati zitagonga wakifika barabarani, Linus atasimama kutafuta kelele, bila spana hawezi kitu, mkutano utawapita. Ni hilo tu, afande. Nilimsikia Naftali ofisini akisema jambo la mama Rahabu atalipeleka mwenyewe kwenye mkutano, ahamishiwe kijiji cha Kwakoa, kule tambarare. Mama yangu! Baba amezikwa nyuma ya nyumba hii. Anamng'oa mtu mzima kwenye kaburi la mumewe! Sikujua kama nati zile zinashika shokapu pia. Wala sikujua Linus atasikia neno vile."

"Na Asheri alipofungwa pingu mbele yako?"

Manase alilia kwa sauti.

Rahabu alikuwa ameacha maharage. "Manase," aliita pole pole, "nani alikwambia nang'olewa?"

"Nilisikia, mama."

"Mimi ndiye niliyemwomba. Magoti yangu hayaiwezi tena baridi hii. Nilimwomba Naftali anisemee nikakae Kwakoa kwa dada yangu, kwenye jua. Akanihurumia, akasema atakwenda mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utakataa."

Kurwa aliifungua pingu ya Asheri. Kichwani alikuwa bado anatafuta jina la kosa lenyewe: mtu amefikisha ujumbe neno kwa neno, spana tu ndiyo hakuifikisha. Atawaeleza nini Moshi? Alimfunga Manase mikono. Mama Rahabu akashikilia nguzo ya kibaraza, akajaribu kusimama amfuate mwanawe, magoti yakakataa.