Sura Chini ya Wino

"Usinikodolee macho. Yule mbuzi mwenye miwani ni wewe, na mtaa mzima unajua."

"Na yule mama anayemfukuza bata kwa mwiko ni nani? Mimi?"

Mshonaji alikuwa mlangoni kwake, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Fundi Redio alikuwa mlangoni kwake, bisibisi mkononi. Katikati palikuwa na ua mmoja, kamba za nguo, na watu wazima kadhaa ambao ghafla hawakuwa na kazi asubuhi hiyo. Kila mmoja alimwita mwenzake mwizi, na ushahidi ulikuwa ule ule: umechorwa vibaya, ukaweka kinyongo, ukaiba.

Inspekta alisimama getini akawaacha wafoke. Alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba majirani wakigombana, nusu ya upelelezi hufanyika bure. Leo hakupata hata robo. Alipata mbuzi na bata.

Wizi wenyewe ulikuwa umetokea chumba cha mbele, nyumba ya mwisho uani, kwa mchora katuni ambaye watu walimwita Mzee Wino. Michoro yake yote ya asili, aliyoichora kwa mkono kwa ajili ya lile jarida la vichekesho la zamani, ilikuwa imetoweka. Humo mlikuwa na mume aliyejificha kabatini akiwakwepa wakwe, na daktari aliyelala huku mgonjwa akimpima yeye. Mlikuwa pia na zile katuni za siasa zilizowahi kuwanyima wakubwa usingizi, kama ile ya Mheshimiwa wa enzi hizo akiwa kiboko aliyejilaza ndani ya kisima, raia wamepanga foleni na ndoo zao tupu.

Jarida lilishafungwa, na ofisi yake iliungua na kila kilichokuwamo. Makumbusho ilikuwa ije kuichukua michoro hiyo wiki ile ile. Ukumbi ulishapakwa rangi. Bila michoro hapakuwa na maonyesho, na mkono wa Mzee Wino siku hizi ulitetemeka kiasi kwamba hata kikombe alikishika kwa miwili. Kilichoibwa kisingechorwa tena.

Mkewe ndiye aliyesimulia. Jana nyumba ilijaa watu waliokuja kupongeza. Wageni walipewa majarida ya zamani wayafunue, maana walikuwa wanakula na vidole vyao vilikuwa na mafuta. Michoro ya asili ilibaki sandukuni chini ya dirisha; wageni walilikalia, lakini hakuna aliyeonyeshwa. Walipoondoka, mama alilivuta sanduku afagie, likamfuata kama boksi tupu.

Dirisha lilikuwa zima na nondo zake. Mlango haukuvunjwa. Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake kwenye sanduku, akatazama, akafunga mkoba.

"Afande, hapa kuna mtaa mzima," alisema.

Inspekta aliyachukua majarida ya zamani yote aliyoyapata kwa majirani. Konstebo wake aliyabandika ukutani ofisini, na chini ya kila katuni akaandika nani anadhaniwa kuchorwa. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba tangu hapo kila askari kituoni alipata sababu ya kupita ofisi ile, akasimama, akacheka, akaondoka bila kusaidia lolote. Mkuu wa kituo mwenyewe aliingia kuja kufoka kwa nini kesi haisogei. Akamwona kiboko kisimani, akacheka mpaka akakohoa, kisha ndipo akafoka.

Mahojiano nayo yalimtoa Inspekta jasho. Kwa kawaida mtu akihojiwa hukana. Hawa walikiri kila kitu isipokuwa wizi. Walibishana wenyewe kwa wenyewe nani amechorwa mara nyingi zaidi, na mzee mmoja wa mtaa wa pili alifunga safari kuja kulalamika kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya washukiwa.

Fundi Redio aliketi mbele ya meza akiwa amenyoa ndevu kwa heshima ya shughuli.

"Alikuchora mbuzi," Inspekta alisema.

"Mbuzi mwenye miwani, afande. Mbuzi wako wengi kwenye picha ile. Mwenye miwani ni mmoja."

"Hukuchukia?"

"Nilichukia alipoacha."

Mshonaji alikutwa na bata wake, aliyekatwa jaridani, kwenye fremu ya kioo juu ya cherehani. Alipoulizwa kwa nini basi alimwita jirani yake mwizi mbele ya umati, alijibu kwamba alikuwa anamtania tu, na kwamba Fundi Redio ndiye aliyeanza kuchukulia mambo kwa uzito, kama kawaida yake. Inspekta aliweka kalamu chini akafumba macho kidogo. Alikuwa ameandika kurasa za maelezo, na zote zilimwambia kwamba mtu huyu anapendwa. Huwezi kumkamata mtu kwa upendo.

Shahidi wa mwisho alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyeishi nyuma ya ua. Alikuwa rafiki wa Mzee Wino tangu ujana, na tangu afiwe na mkewe alikula kwa Mzee Wino kama mtu wa nyumba ile. Makumbusho ilipoomba maelezo mafupi ya kila mchoro, ni yeye aliyepewa kazi. Alijibu kwa utulivu, kila sentensi imepigwa pasi. Siku ya pongezi alikuwepo, ndiyo. Aliondoka na wengine, ndiyo. Hakuona kitu cha ajabu.

"Na wewe alikuchora kama nani?"

"Mimi? Hajawahi kunichora."

Alisema hivyo akizitazama ncha za viatu vyake. Inspekta aliandika, akaenda kwenye swali la dirisha.

Alirudi kwa Mzee Wino akiwa amechoka na majirani, na majarida, na kucheka kwa watu wengine. Konstebo alisimama mlangoni. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Mzee alijibu maswali kama mtu anayelipishwa kwa neno.

"Una adui?"

"Nina majirani."

"Nani aliwahi kuumizwa na mchoro wako?"

"Mheshimiwa. Naye alishazikwa."

"Mzee, hii kazi ni yako au yangu? Nataka kukurudishia maisha yako, na wewe unanipa vitendawili."

Mzee aliinua mabega. Inspekta aliinama kuandika, maana hata mabega huandikwa. Alipoinua kichwa, aliona kwamba mikono ya mzee haikuweza kukaa bure. Alikuwa amechukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, na kwa penseli ya buluu iliyopauka alikuwa anamchora Konstebo. Mkono ulitetemeka lakini penseli ilijua njia. Pale karatasini alikuwa Konstebo mwenyewe: pua yake, kovu dogo juu ya nyusi, usingizi aliokuwa akiuficha. Kisha mzee akachukua kalamu ya wino, na juu ya sura ile ile akamchora jogoo mwenye kofia ya polisi.

Mama alicheka mpaka mchele ukamwagika. Konstebo alijitahidi kutazama mbele.

"Hiyo buluu chini huifuti?" Inspekta aliuliza, kwa sababu tu alikuwa hana swali jingine.

"Ya nini? Kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuwa inaiona buluu nyepesi. Jaridani ulikuwa unatoka wino peke yake. Wote nimewachora hivi. Kwanza mtu mwenyewe, halafu juu yake..."

Taratibu akaigeuza karatasi, akaiwekea kiganja juu.

Inspekta alikitazama kile kiganja. Mtu ameibiwa kazi ya maisha yake yote, na hapo alipo anaficha penseli.

"Nani ameiona michoro ya asili? Simaanishi majarida."

Mzee alifungua kinywa, lakini mkewe alimtangulia. Alisema hakuna mtu, labda shemeji yake tu, Mwalimu, maana ndiye aliyekuwa akiiandikia yale maelezo. Mzee Wino alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama maziwa yakimwagika jikoni, naye yuko mbali.

Inspekta alikuwa ameshasimama. Siku zote hizo alikuwa akisoma ukuta uliojaa karatasi za kiwandani, na kiwanda hakikuwahi kuiona buluu. Na tena: mtu aliyechora kinyozi, mkunga, mpaka bata wa jirani, angewezaje kumruka rafiki anayekula naye sahani moja? Hakumruka. Alimweka mahali ambapo jarida lisingemwonyesha.

Mwalimu alifungua mlango kabla hawajabisha. Inspekta alimwonyesha hati ya upekuzi; hakuisoma. Alisogea kando, akawaelekeza kwa kidevu upande wa kitanda.

Michoro ilikuwa chini ya godoro, imefungwa kwenye shuka safi, mizima. Mmoja tu ulikuwa mezani, na pembeni yake ufutio na vumbi la ufutio.

Kila mtu mzima aliijua katuni ile. Watu wamekaa mkahawani wanacheka, na chini ya meza yao amejikunja mtu mwenye masikio kama ungo. Ndiyo iliyofungisha jarida. Tangu siku hiyo mpelekaji wa maneno kwa wakubwa aliitwa "Sikio". Kwenye jarida, mtu yule alikuwa nukta mbili na pua. Hapa, chini ya wino, palikuwa na kijana wa buluu mwenye uso mzuri, nusu yake imefutwa.

"Ni wewe," Inspekta alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Ulifuta."

"Uso ulikubali kufutika. Masikio ni ya wino, yamekataa."

"Kwa nini ulichukua yote?"

"Ningechukua mmoja, ungeuliza kwa nini huo."

"Na hukuchoma."

"Niliwasha kiberiti. Ikatangulia ile ya Mshonaji na bata. Nikacheka. Mtu hawezi kuchoma kitu huku anacheka."

Aliketi kitandani, akasema mengine bila kuulizwa, na Konstebo akaandika. Michoro aliitoa kidogo kidogo mkobani, siku alizokwenda kuandika maelezo, kabla wageni hawajaja. Katuni ya kiboko ilitoka bila sahihi. Wakubwa walimwita Mwalimu ofisini, wakamwekea mbele barua mbili, ya kupandishwa cheo na ya kufukuzwa kazi, wakamuuliza mchoraji ni nani. Mke wa Mwalimu wakati huo alikuwa mjamzito. Alitaja. Rafiki yake akawekwa kizuizini, na alipotoka, ndipo akachora Sikio.

"Uliogopa mtaa ujue," Inspekta alisema.

"Mtaa ungenicheka wiki moja ukachoka." Alikuwa akikusanya vumbi la ufutio kwa ukingo wa kiganja. "Miaka yote nimekula kwake nikidhani hajui. Ndiyo iliyonifanya niweze kumeza. Sasa nimeona kwamba kila alipokuwa akinisogezea sahani, alikuwa anajua. Hiyo sikuiweza, afande. Nilitaka mchoro usiwepo, ili nirudi kuwa mtu asiyejulikana."

Walimrudisha uani akiwa katikati yao, ili mlalamikaji avitambue vielelezo. Habari ilishatangulia, kama kawaida. Mshonaji na Fundi Redio walikuwa wamesimama bega kwa bega, wamesahau ugomvi.

Mzee Wino alifunua karatasi moja moja juu ya kiti. Alipofika kwenye Sikio aliisogeza karibu na macho.

"Umeharibu kivuli cha shavu," alisema.

"Ulijua tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu ndani. Aliyekuwa akinihoji alinirudishia mzaha niliokupigia wewe peke yako. Tena hakujua kuusimulia."

"Na hukuniambia."

"Nilikuchora. Nikangoja useme wewe."

Kisha akamgeukia Inspekta, akamjulisha kwamba yeye halalamiki tena. Inspekta alimweleza, kwa subira iliyokuwa imebaki, kwamba jalada limefunguliwa, kuna kukiri, kuna vielelezo, kuna mkuu wa kituo anayesubiri kusikia neno "kukamatwa", na kwamba sheria haifutwi kwa ufutio. Mzee akashauri iandikwe kwamba rafiki aliazima.

"Aliazima bila kuaga?"

"Ndivyo marafiki wanavyoazima."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio. Siku zote hizo, ukuta mzima wa katuni, kisha mwizi anapatikana na hakuna anayemtaka. Alimwambia Konstebo afunge daftari, na Mwalimu afike kituoni kesho asubuhi, wakubwa waamue. Hapo ndipo alipogundua kwamba watu hawamtazami yeye.

Mke wa Mzee Wino alikuwa kizingitini, mikono ina maji. Alikuwa amesikia yote.

"Alinibebea kikapu," alisema, hakumwambia mtu. "Kila nilipokwenda kule kizuizini kupeleka nguo na sabuni, alinibebea kikapu. Wakinifukuza getini, ananipa leso yake nijifute." Akamgeukia mumewe. "Na wewe ukajua. Ukaniacha nimpakulie."

Mzee Wino alianza kuzikusanya karatasi zake pale kitini. Mwalimu alianza kusema shemeji, akaishia katikati ya neno.

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja baada ya kingine, akasogea kando ya mlango ili mtu mmoja apite.

"Inspekta, ingia ule," alisema. "Hao wawili waache hapo hapo nje. Wakishamalizana, watabisha hodi kama wageni wengine."