Bahasha ya Mzee Wekoye

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lenah alipitia shambani kutazama viazi vya mama yake. Mwaka huo wa 1994, katika kijiji chao karibu na Kitale, hali ilikuwa mbaya. Majani yalijaa madoa meusi, na chini yake palikuwa na ukungu mweupe. Majirani walimnyooshea kidole Mzee Wekoye, kwa kuwa shamba lake ndilo lililougua kwanza. Walikuwa karibu kumkataza kuuza mbegu za viazi, na mbegu ndizo zilizomlisha.

Siku moja Daktari Jepkosgei, mtafiti wa magonjwa ya mimea, alifika darasani kwao.

"Ukungu huu una koo zake, kama watu," alisema. "Kwa macho, zote ni sawa. Lakini ndani mna chembe za urithi zinazoonyesha nani ni ndugu ya nani. Nitazilinganisha kwenye maabara."

"Ati ukungu uko na ndugu?" Lenah aliuliza, macho yamemtoka. "Hata mababu?"

"Hata mababu."

Lenah alipewa bahasha mbili akachume majani, moja ya shamba lao, nyingine ya Mzee Wekoye. Lakini mzee alifuga mbwa wakali, na Lenah alikuwa mwoga wa mbwa kupindukia. Akachuma majani yote kwa mama yake, kisha akaandika majina mawili. Nani angejua? Jani ni jani tu!

Kesho yake daktari alipokuwa akipokea bahasha, Lenah alishindwa kujizuia.

"Daktari, na zikifanana?"

"Basi huenda ugonjwa wenu ulitoka kwa mzee."

Lenah alizitazama zile bahasha. Zingekosaje kufanana?

"Nimekosa, daktari," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Zote ni za kwetu. Niliogopa mbwa."

Daktari hakumgombeza. Walienda pamoja, na Mzee Wekoye mwenyewe akawashika mbwa wake.

"Chuma, mjukuu wangu," alisema. "Si hata mimi nataka kujua?"

Miezi minne baadaye, daktari alirudi na majibu. Ukungu wa Mzee Wekoye ulikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Ule wa kina Lenah ulikuwa ndugu wa ukungu uliopatikana Bungoma, na ni sokoni Bungoma ambako mama yake alinunua mbegu.

"Kumbe ni mimi niliuleta kwa gunia langu," mama akasema kwa aibu. Siku hiyo hiyo alienda na majirani kumwomba mzee msamaha, na hakuna aliyezungumza tena habari ya kumkataza kuuza mbegu.

"Daktari," Lenah aliuliza, "kama ningenyamaza, mashine zako zingejua?"

"Hapana, Lenah. Mashine husoma jani, haisomi moyo wa aliyeandika jina kwenye bahasha. Ungenyamaza, ningemtia mzee hatiani kwa sayansi yangu, nami ningeapa kwamba nimesema kweli."