Ndugu wa Kamba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maswali alikuwa akimchana bibi yake nywele. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mjukuu wake hakuchoka kuuliza. "Leo umeamka na mangapi?" bibi alimtania. "Nipunguzie, mwenzio mzee." Sasa Maswali aliamka mapema vilevile, akakuta kitanda cha bibi kimetandikwa, akatoka.

Bibi alifariki baada ya kunywa supu ya kaa. Supu hiyo aliileta jirani yao, mwanamke aliyeuza kaa sokoni. Mara midomo ya bibi ilivimba, pumzi zikambana, na teksi ilipofika hospitalini alikuwa ameshakata roho. Siku ya mazishi, baba yake Maswali, fundi wa kuchomelea vyuma, alimzuia jirani mlangoni mbele za watu.

"Uliweka nini kwenye supu? Mama yangu alikuwa mzima!"

Jirani aligeuka akarudi kwake. Maneno yakasambaa mtaani. Kaa wake wakaanza kumdodea. Hata wateja wa siku zote walipita wakiangalia pembeni.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa sayansi aliweka sinia mezani. Ndani yake mlikuwa na samaki, pweza, konokono, kaa na kamba. "Nipangieni hawa, kila mmoja na jamaa zake," alisema.

Mwanafunzi mmoja alimweka kaa pamoja na konokono. "Wote wana gamba, mwalimu."

"Gamba limekudanganya. Tazama miguu," mwalimu alisema. "Samaki ana uti wa mgongo, hawa wengine wote hawana. Pweza na konokono wana mwili laini usio na viungo, nao ni moluska, hata kama pweza hana gamba la nje. Sasa mtazame kaa. Gamba gumu, miguu yenye viungo, kumi ukihesabu na makoleo. Kamba naye ana miguu kumi ya namna hiyo, chini ya kifua. Wote wawili hujivua gamba wanapokua. Kundi lao huitwa krasteshia. Kaa na kamba ni ndugu."

Maswali aliacha kuandika. Zamani kidogo bibi alikula kamba akavimba uso, na daktari akamkataza asiwaguse tena.

"Mwalimu, mtu aliyekatazwa kamba, anaruhusiwa kula kaa?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Masomo yalipokwisha, alimpeleka kwa muuguzi wa zahanati iliyokuwa jirani na shule.

"Huo unaitwa mzio," muuguzi alisema baada ya kumsikiliza. "Mwili hukikataa chakula ambacho wengine wanakila bila shida. Anayedhuriwa na kamba, mara nyingi hata kaa humdhuru. Sikumwona bibi yako, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini dalili ulizonieleza ni za mzio mkali. Pole sana, mwanangu."

Njiani Maswali alitembea polepole. Aliyemnywesha bibi ile supu ni mama yake mwenyewe. Akisema, atamuumiza mama. Akinyamaza, jirani ataendelea kuitwa muuaji.

Aliwakuta wazazi wake jikoni, akasema yote bila kupumzika.

"Nani kakutuma?" baba alifoka.

Mama aliweka kisu chini. "Mwache. Bibi aliikataa supu mwanzoni. Nikamwambia, kunywa tu mama, hii ni kaa, si kamba." Akajifunika uso kwa khanga. "Ni mimi."

Baba akamshika bega. "Hukujua. Hata mimi sikujua. Ila wewe hukumsingizia mtu. Mimi nilimsingizia."

Wakaenda wote watatu kwa jirani. Walimkuta anafunga godoro kwa kamba ya katani, tayari kuhamia kwa kaka yake.

"Dada, nimekukosea," baba alisema. "Supu yako haikuwa na ubaya wowote. Kesho nitasema hivyo sokoni mbele ya wateja wako, na mtaani mbele ya wale wale walionisikia."

Jirani aliketi juu ya godoro. "Yule alikuwa kama mama yangu," alisema. "Hata kumlilia mlininyima."

Baba aliinamisha kichwa, kisha akamgeukia binti yake. "Umefanya vizuri kusema, ingawa umetuumiza. Ulikuwa ukweli. Daktari akikukataza chakula, muulize pia kuhusu jamaa za chakula hicho. Na ukiwa na uchungu, usikimbilie kumtwika mtu kosa kabla hujajua. Mimi niliona ni rahisi kulaumu kuliko kuuliza."

Mama aliketi kando ya jirani, akaanza kuifungua ile kamba ya godoro. Hapo ndipo jirani alipomlilia bibi kwa sauti, na mama akalia naye.